Kuta za Migomba: Matembezi ya Urithi kutoka Kashozi hadi Ihangiro

Katika maandishi juu ya makazi ya kale, kijiji chenye ukuta huelezwa kuwa ni makazi ya ukoo mmoja, au ya koo chache zilizoridhiana kuishi pamoja, yaliyozungushiwa kizuizi kinachowatenga wenyeji na wageni, yenye njia chache za kuingilia zinazofahamika, na ambayo ndani yake wazee waliotangulia wana mahali pao pa kukumbukwa. Mifano inayotajwa sana ni ya kusini mwa China, hususan mashambani mwa Hong Kong, ambako vijiji vya namna hiyo huitwa wai, neno lenye maana ya kilichozungushiwa, na ambako kijiji cha Kat Hing Wai cha ukoo wa Tang kingali na kuta zake za matofali na minara minne kwenye pembe. Huko Ping Shan, kwenye makazi mengine ya ukoo wa Tang, njia ya kwanza ya urithi ya Hong Kong ilifunguliwa mwaka 1993, yaani njia ya miguu iliyopangwa kwa makusudi ili mtu atoke jumba la mababu hadi lango la kijiji, na kutoka langoni hadi mnarani, akiisoma historia ya watu kwa kufuata mpangilio wa majengo yao.

Buhaya, nchi ya Wahaya iliyoko magharibi mwa Ziwa Viktoria katika mkoa wa Kagera, haina boma hata moja la matofali la aina hiyo, na mgeni anayezitafuta kuta kwa macho yaliyozoeshwa na vitabu atarudi akisema kwamba hakuna kitu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukuta upo, kwamba kazi iliyoujenga haipungui ile iliyozijenga kuta za Kat Hing Wai, na kwamba umedumu kwa sababu uko hai: ni ukuta wa migomba, uliopandwa na kulishwa na vizazi vingi vya watu ambao makaburi yao yamo humohumo ndani. Kwa hiyo matembezi ya urithi katika wilaya za Bukoba na Muleba yana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa matembezi ya vijiji vyenye kuta, ingawa njia yenyewe haina kibao, wala mlinzi, wala tiketi.

Njia inayoelezwa hapa ni mapito ya kila siku ya wenyeji, yanayoanzia Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, yakashukia mjini, yakapanda tena kuelekea Maruku, yakapita pande za Kanazi na Kemondo, kisha yakaingia wilaya ya Muleba kwa kuupanda uwanda wa juu wa Kamachumu, na kumalizikia Ihangiro. Mtu mwenye miguu iliyozoea huhitaji siku tano hivi, asipoharakishwa na mvua, na pwani hii ya ziwa hupata mvua nyingi sana, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu za Bukoba. Mvua hiyo itaonekana baadaye kuwa ndiyo chanzo cha taabu na pia chanzo cha ukuta.

Jina la Kashozi linatokana na neno lenye maana ya kilima kidogo, linalofahamika katika Kihaya na katika lugha za jirani, na kilima hicho kiliingia katika maandishi ya dunia mwaka 1892, pale Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walipoanzisha hapo misheni yao ya kwanza katika Buhaya. Sababu yake ilikuwa vita vya Mengo vya Januari mwaka huo katika Buganda, ambako upande wa Wakatoliki ulishindwa na askofu wao, Joseph Hirth, akalazimika kukimbilia kusini pamoja na waumini wa Kiganda, hadi kwenye nchi iliyokuwa imeanza kushikwa na Wajerumani, ambao Emin Pasha aliwafungulia kituo Bukoba mwaka 1890. Misheni ikapewa jina la Kijerumani la Marienberg, yaani Mlima wa Maria, lakini watu waliendelea kuuita mlima wao kwa jina lake, na jina hilo ndilo lililobaki. Kwa miaka mingi Kiganda kilitumika kanisani na katika mafundisho, jambo ambalo lingali likisikika katika msamiati wa dini wa wazee wa Bukoba, na ambalo linakumbusha kwamba kilima hiki kilianza maisha yake ya kimisheni kama kimbilio la wakimbizi kabla ya kuwa mama wa parokia nyingine.

Kwa mtembezi wa urithi, kanisa la Kashozi ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ya kile kinacholizunguka, kwani hatua chache tu kutoka barabarani mandhari hugawanyika katika sehemu mbili zisizochanganyikana. Sehemu ya kwanza huitwa rweya, nayo ni mbuga ya nyasi iliyo wazi, yenye udongo mwepesi uliofifia rangi, ambao mvua nyingi zimeuosha virutubisho vyote, hata jembe likiuchimba hutoa mchanga na kokoto za mawe ya mchanga. Sehemu ya pili huitwa kibanja, neno linalojumlisha nyumba, shamba la migomba linaloizunguka, mibuni, miti ya matunda, makaburi, na haki ya familia juu ya vyote hivyo. Vibanja vya jirani hugusana bila pengo, na mkusanyiko wake ndio unaofanya ekyaro, yaani kijiji cha Kihaya, ambacho kwa mbali huonekana kama kisiwa cha kijani cheusi katikati ya bahari ya nyasi.

Mpaka kati ya rweya na kijiji ni mkali kana kwamba umevutwa kwa kamba. Mtu anayeuvuka huona ghafla kwamba jua limekatika, kwamba upepo umenyamaza, na kwamba chini ya mguu pamekuwa laini, kwa maana ardhi yote imetandazwa nyasi na majani makavu ya migomba kwa unene unaomeza kifundo. Akiinama na kuyapenua matandazo hayo kwa mkono, atakuta udongo mweusi, wenye unyevu, uliojaa mizizi myembamba ya migomba na minyoo ya ardhini, na akirudi nyuma hatua kumi atachota ule udongo wa rweya, mwepesi na mkavu. Udongo wa pande zote mbili ulikuwa mmoja hapo mwanzo. Tofauti yake ni kazi ya watu, na msomi yeyote anayetaka kuuelewa ukuta wa Buhaya hana budi kuishika tofauti hiyo mkononi kabla ya kusoma kitabu chochote.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Ng'ombe walichungwa mchana huko rweya na kulala nyumbani usiku, hivyo wakawa wanabeba rutuba kutoka nje kuileta ndani; nyasi zilikatwa rweya, zikatumika kuezekea, kutandika sakafuni na kufunika shamba; majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na mabaki yote ya nyumbani yalirudishwa kwenye shina la mgomba. Kila kizazi kilichukua kidogo kutoka kwenye eneo kubwa la nyasi na kukiweka kwenye eneo dogo la migomba, na baada ya karne kadhaa eneo hilo dogo likawa na udongo ambao mvua haiwezi kuushinda. Ndiyo maana kibanja kizee kina thamani kuliko kipya, na ndiyo maana pia tauni ya ng'ombe iitwayo sotoka, iliyoifagia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa pigo kwa migomba kama ilivyokuwa kwa mifugo, kwa kuwa aliyepoteza ng'ombe alipoteza samadi, na aliyepoteza samadi alikuwa amebomolewa ukuta wake kutoka chini.

Ndani ya ukuta huo mna mpangilio ambao jicho la mgeni huuona kuwa ni msitu. Ndizi za kupika, zinazoitwa ebitoke kwa jumla, zina aina nyingi, kama vile nshakara, entobe na nshansha, na hupandwa mbali na embire, ambayo ni ya kutengenezea pombe; kati ya migomba mna mibuni, na chini yake maharage na magimbi. Mpaka wa kibanja kimoja na kingine huwekwa kwa omulamula, mmea mwembamba wa jamii moja na masale ya Wachagga, ambao jina lake lina uhusiano na kuamua na kupatanisha, na ambao hung'olewa na mtu aliyekusudia ugomvi tu. Vijia ni vyembamba na vinapinda, hata asiye mwenyeji akishaingia hatua mia moja hajui tena alikotoka, wakati mwenyeji aliye kimya nyuma ya majani amekwisha kumwona tangu alipokuwa rweya. Hapo ndipo ulinzi wa ukuta huu ulipo: haumzuii mtu kuingia, bali humfanya aonekane akiwa nje na apotee akiwa ndani.

Nyumba ya kale iliyokaa katikati ya kibanja ni mushonge, yaani nyumba ya msonge ambayo paa lake la nyasi hushuka hadi ardhini bila ukuta wa pembeni, ikawa umbo moja kutoka kilele hadi nyayoni. Ndani iligawanywa kwa viambaza vya matete, pakawa na mahali pa moto, mahali pa kulala, na mahali pa ng'ombe, ambao joto na samadi yao vyote vilihitajika. Mushonge wa kuishi umekuwa adimu, kwa kuwa mabati yameshinda nyasi, na anayetaka kuuona mji wa Kihaya ulivyokuwa hulazimika kutafuta ile michache iliyojengwa upya kwa ajili ya kumbukumbu.

Adabu za kuingia, hata hivyo, hazijaondoka pamoja na nyasi. Mgeni husimama mbele ya uwanja wa nyumba, akapiga hodi, akangoja. Mzee wa mji huitwa Ta na jina lake, mama wa mji huitwa Ma na jina lake, na neno waitu huongezwa pale heshima inapotakiwa kuzidi. Akishaketi huletewa kahawa, lakini kahawa hiyo si ya kunywa. Ni buni zilizochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na sasa zinakaa ndani ya kikapu kidogo au ndani ya kifurushi cha ganda la mgomba kinacholingana na kidole gumba. Mgeni huchukua punje chache, akazitafuna polepole, ukali wake ukaenea kinywani pamoja na harufu ya majani, na mazungumzo yakaanza. Zamani punje mbili za tunda moja la kahawa ndizo zilizotumika katika omukago, yaani udugu wa kuchanjia, ambapo kila mmoja alimeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia siku hiyo kuta za vijiji vyao zilikuwa wazi kwao wawili. Katika falme nyingi za Buhaya upandaji wa kahawa ulikuwa chini ya mkono wa mfalme, na haikuwa zao la kila mtu hadi enzi za ukoloni.

Kutoka Kashozi hadi mjini njia hufuata mgongo wa kilima, ziwa likionekana upande wa kushoto, ambalo Wahaya waliliita Lweru kabla halijapewa jina la malkia wa Uingereza. Upande huu una majeraha ya karibuni, kwani tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa maelfu ya nyumba za mkoa wa Kagera na kuziharibu vibaya shule kongwe za Nyakato na Ihungo. Tetemeko lile halikuwa na la kufanya kwa mgomba, na familia nyingi zililala chini ya maturubai katikati ya vibanja vyao, zikiwa na chakula juu ya vichwa vyao. Mjini kwenyewe, makumbusho ya Kagera huko Nyamukazi yanastahili saa moja kabla ya safari kuendelea.

Kiini cha matembezi haya kiko Katuruka, katika eneo la Maruku, mahali ambapo mapokeo ya kusimuliwa na ushahidi wa kuchimbuliwa vilikutana kwa namna ambayo bado inawafunza wanahistoria wa Afrika. Mapokeo yanasema kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamtwara wa ukoo wa Bahinda, ambaye utawala wake hukadiriwa kuwa wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na kwamba mnara huo ulipanda juu sana, kisha ukaanguka. Mahali penyewe palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Peter Schmidt alikaa na wazee wa vijiji hivi, akasikiliza, na badala ya kuyapuuza masimulizi hayo kama ngano za jioni, aliwaomba wamwonyeshe mahali, akachimba karibu na mti huo.

Chini yake yalipatikana mabaki ya ufuaji na uyeyushaji wa chuma pamoja na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe, aina inayopewa jina la mahali pa Kenya ambako ilitambuliwa kwanza, na vipimo vya mkaa vilivirudisha vitu hivyo nyuma yapata miaka 2,000, vingine vikaelekeza nyuma zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ya mti na mfalme wa karne ya 17 ilikuwa imekalia kazi ya wahunzi walioishi zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mfalme huyo kuzaliwa. Schmidt alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwa kusema kwamba utawala mpya ulijitwalia mahali patakatifu pa watu waliotangulia ili upate uhalali kutokana na chuma chao, na maelezo hayo yana nguvu, kwa kuwa ufalme wa kigeni usio na mizizi huhitaji mti wenye mizizi. Lakini jambo linalostahili kusisitizwa kuliko hata hilo ni uaminifu wa wazee, ambao bila maandishi, bila ramani, na bila kujua umri wa kilicho chini, waliendelea kwa vizazi kuelekeza kidole mahali palepale.

Mwaka 1976 wahunzi wazee waliokuwa wamekwisha kuiacha kazi hiyo miaka mingi kabla, kwa kuwa majembe ya madukani yaliwashinda kwa bei, walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Walichimba shimo, wakalijaza mabua ya bwawani yaliyochomwa nusu ili yapokee mavi ya chuma, yaani uchafu unaotoka kwenye mawe yenye chuma yanapoyeyuka, wakasimamisha tanuri juu yake, wakaingiza mirija ya udongo mfinyanzi na kuvuta mivukuto kwa zamu huku wakiimba. Kwa kuwa mirija hiyo ilizama ndani ya tanuri, Schmidt na mwenzake Donald Avery walitoa hoja mwaka 1978 kwamba hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, hivyo tanuri likawa na joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa kuwa inawezekana kwa ufundi wa kale. Baadhi ya wataalamu wameipinga hoja hiyo katika vipengele vyake, na mjadala wao ni halali; hakuna hata mmoja kati yao anayepinga kwamba chuma kilitoka.

Uhunzi huo unauhusu ukuta wa migomba moja kwa moja. Tanuri hula mkaa, na mkaa hula miti, na utafiti wa Schmidt umeuhusisha uyeyushaji wa karne nyingi na kupungua kwa misitu ya mwambao huu, hata vilima vikabaki uchi mbele ya mvua. Ikiwa ndivyo, basi rweya ni kovu la kale kwa sehemu yake, na kibanja ni tiba ambayo wenyeji waliibuni baadaye juu ya ardhi iliyochoka. Watu waliobomoa msitu kwa chuma ndio haohao, au warithi wao, waliopanda msitu mwingine kwa mikono, na historia ya mazingira ya Afrika ina mifano michache iliyo wazi kiasi hiki.

Mti wa Kaiija haupo tena, na wazee waliosimulia miaka ile karibu wote wamezikwa. Hata hivyo, watu wa Katuruka wenyewe, bila kungoja amri kutoka juu, waliamua kupafufua mahali pao, wakajenga upya nyumba ya msonge ya kumbukumbu ya mfalme na kuwafungulia wageni mlango. Mtembezi anayeokota kipande cha mavi ya chuma kijiani, kizito kuliko ukubwa wake, cheusi na chenye mikunjo kama uji ulioganda, na akakirudisha alipokitoa kama anavyopaswa, atakuwa ameshika sehemu ndogo ya kazi ambayo vitabu vya shule vya Tanzania bado havijaipa nafasi inayoistahili.

Baada ya Maruku njia huelekea pande za Kanazi, makao ya Kahigi, mfalme wa Kianja aliyeshirikiana sana na Wajerumani na akatuzwa kwa kuongezewa nchi na heshima. Hapa ndipo panapofaa kueleza maana ya kikale, yaani makao ya mfalme, yaliyozungushiwa ua wa matete na ambayo kwa hakika yalikuwa boma kwa maana ya kawaida, tofauti na kijiji cha raia. Kutoka kikale ulitoka pia utaratibu wa nyarubanja, ambao kwa huo mfalme alimpa mtu wake haki juu ya vibanja vya watu wengine, na wenye vibanja hivyo wakageuka watwana, yaani wapangaji wa kudumu wanaolipa kodi ya mazao na kazi juu ya udongo ambao babu zao waliutengeneza kwa mikono yao. Serikali huru iliondoa mamlaka ya watemi na wafalme mwaka 1963, na katika miaka ya 1960 hiyohiyo sheria za kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja zikafuata. Anayesifu uzuri wa vijiji vya kale bila kutaja nyarubanja hasemi kweli yote, kwa sababu ukuta ulimlinda mtu dhidi ya mgeni wa nje na haukumlinda dhidi ya bwana aliyeletewa na mfalme wake mwenyewe.

Kutoka Kemondo, penye bandari ya ziwa, kupanda hadi Kamachumu ni kazi ya nusu siku au zaidi, na mteremko una miamba ambayo maji huiangukia kwa kelele wakati wa masika. Juu yake upo uwanda wenye ubaridi, wenye vibanja vilivyosongamana kuliko mahali pengine popote katika matembezi haya. Huku ndiko alikozaliwa, mwaka 1912, Laurean Rugambwa, ambaye Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alimfanya kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati hizi. Huku pia ndiko iliko hospitali ya Kilutheri ya Ndolage. Mwaka 1937 wakulima wa Buhaya walizikataa hadharani kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa mibuni, na upinzani huo haueleweki kwa mtu anayedhani kwamba ulihusu kahawa peke yake: ofisa aliyeingia shambani kuamuru nini king'olewe na nini kipandwe alikuwa ameingia ndani ya ukuta bila kupiga hodi.

Uwanda huu umebeba msiba ambao kila familia inaujua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata makaburi mapya yaliongezeka vibanjani kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Maziko hufanyika ndani ya kibanja, karibu na nyumba, hivyo mtembezi huyapita makaburi hayo kwa ukaribu, mengine ya saruji yenye misalaba, mengine yakiwa mawe tu chini ya majani, na tarehe zilizoandikwa juu yake zinasomeka zenyewe. Waliokufa walikuwa wakulima wa umri wa kufanya kazi na wasimulizi wa umri wa kati waliopaswa kupokea habari kutoka kwa wazee, na ndipo mnyororo wa masimulizi ulipokatika katika nyumba nyingi.

Suala la nani ana haki juu ya kibanja lilifika Mahakama Kuu kutoka wilaya hiihii. Katika shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake aliiuza, na ndugu wa kiume wa ukoo akadai kwamba mauzo hayo ni batili kwa kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, aliamua mwaka 1990 kwamba mila inayombagua mwanamke kwa njia hiyo inapingana na Katiba na kwamba haki yake ya kuuza ni sawa na ya mwanamume. Uamuzi huo umenukuliwa na mahakama na wanasheria mbali na Kagera, nao ulikuwa wa haki, kwa sababu mikono iliyotandaza nyasi, kupalilia maharage na kubeba majivu hadi kwenye shina la mgomba ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya wanawake.

Hatari inayoukabili ukuta leo inaonekana kwa macho kuanzia Kamachumu kwenda kusini. Mnyauko wa migomba, ugonjwa unaoletwa na bakteria, uligunduliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 2006: majani hugeuka njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake zikiwa na rangi ya kutu ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Hauna dawa. Mkulima hung'oa shina lililougua pamoja na machipukizi yake, husafisha panga kwa moto au kwa dawa ya kuondolea madoa kabla ya kugusa mgomba mwingine, na huvunja ua dume kwa kijiti cha panda badala ya kisu, ili wadudu wasibebe ugonjwa kutoka ua moja hadi jingine. Wakati huohuo rweya inapandwa mikaratusi na misindano, nyasi za kutandaza zinapungua, ng'ombe ni wachache, na kibanja kinagawanywa kwa watoto hadi kinabaki kiwanja. Kat Hing Wai ilipoteza malango yake ya chuma mwaka 1899, Waingereza walipoyachukua na kuyapeleka ng'ambo, lakini mwaka 1925 yalitafutwa na kurudishwa mahali pake. Udongo mweusi wa karne tano ukishaoshwa na mvua hauna meli ya kuurudisha.

Njia inamalizikia Ihangiro, ufalme wa kale uliokuwa wa kusini katika falme za Wahaya, ambako Rubya ina seminari iliyoanzishwa mwaka 1904, ikaja kumlea Rugambwa na mapadri wengi wa Tanzania. Kati ya Kashozi na Rubya hakuna kibao kimoja kinachomweleza mpita njia kwamba anatembea juu ya kazi ya miaka mingi kuliko umri wa jengo lolote analoliona, na jambo hilo linaweza kurekebishwa na halmashauri za wilaya za Bukoba na Muleba kwa gharama ndogo: kuyachora mapito, kuyaandika majina ya vijiji na maana zake kwa Kihaya na Kiswahili, na kuwarekodi wazee waliobaki, kwa kuanza na wale wa Katuruka. Msomaji mwenye nafasi asingoje vibao. Na aende mwezi wa Juni au Julai mvua zinapopungua, aanzie Kashozi asubuhi na mapema, apige hodi kila uwanja atakaoufikia, na kifurushi cha kahawa atakachopewa asikitie mfukoni, bali akifungue na kukitafuna palepale mbele ya aliyempa.